Uso wa Mama Katika Gamba la Bahari

Ndugu msomaji, iwapo umewahi kutembea ufukoni mwa bahari yetu, au ukapita penye meza za wauzaji wa vitu vya baharini, bila shaka umekwisha kuliona gamba moja kubwa na zito la konokono wa baharini, lenye wekundu wa tofali lililochomwa, mafundo mgongoni, na mdomo mnene uliojaa mikunjo kama meno. Wengi hulinunua wakaliweka juu ya kabati, na wengine hulitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Wachache ndio wajuao kwamba chini ya ngozi ile nyekundu limo tabaka jeupe kama maziwa, na chini ya tabaka hilo jeupe limo jingine la rangi ya kahawia iliyochanganyika na machungwa. Kwa ajili ya matabaka hayo mawili tu, magamba ya namna hii yamesafirishwa kwa miaka mingi kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwenda Italia, yakachongwa huko, na kuuzwa yakiwa pete, vipuli na bizimu za kifuani kwa bei isiyolingana kabisa na ile aliyolipwa mvuvi.

Jina la kazi hiyo ni kameo. Kameo ni picha iliyobenuka, iliyochongwa katika kitu chenye matabaka ya rangi mbalimbali. Mchongaji huliacha tabaka la juu pale tu panapotakiwa picha, na kwingineko huliondoa hadi tabaka la chini lionekane na kuwa uwanja wa picha hiyo. Warumi wa kale waliifanya kazi hii katika mawe. Kameo yao moja mashuhuri iitwayo Gemma Augustea, iliyochongwa katika karne ya kwanza na yenye upana wa kiasi cha sentimita 23, imehifadhiwa hadi leo mjini Vienna, Austria. Lakini jiwe ni gumu, na mawe ya namna hiyo ni ghali. Gamba ni laini zaidi, hukatika kwa chuma kilichonolewa na kusukumwa kwa mkono. Ndiyo sababu katika karne ya 19, wakati Malkia Victoria wa Uingereza na wanawake wengi wa Ulaya walipozipenda kameo, gamba lilipata heshima kubwa. Mji uliojipatia sifa kwa kazi hiyo ni Torre del Greco, ulio chini ya mlima wa volkeno Vesuvius, karibu na Napoli. Mji huo uliharibiwa vibaya na mlima huo mwaka 1794, ukajengwa upya, na mwaka 1878 ikaanzishwa humo shule ya kufundisha vijana kuchonga marijani. Karakana za kameo zingali zipo mjini humo.

Makusudi ya makala haya si kuwasifu mafundi wa Italia, ingawa wanastahili sifa. Nataka kukueleza, msomaji, kwamba kazi hii yaweza kufanywa juu ya meza ya nyumbani, na mfanyakazi wa kawaida, katika saa zake za mapumziko. Nayajua hayo kwa kuwa nimeifanya, na nitakueleza pia ni kwa haja gani.

Mimi ni fundi mitambo. Mikono yangu imezoea spana, grisi, na vyuma vipimwavyo kwa sehemu ndogo za milimita. Mama yangu alifariki dunia mwaka 1998. Binti yangu alizaliwa mwaka 2005, hivyo hakumdiriki bibi yake. Nyumbani kwetu ipo picha moja tu ya marehemu: ile ndogo ya kubandikwa kwenye kitambulisho, iliyotazama mbele kama zitazamavyo picha zote za namna hiyo, na muhuri wa wino wa zambarau umepita juu ya shavu lake la kushoto. Binti yangu alipofikia umri wa miaka 12, aliishika picha ile akaniuliza, "Baba, bibi alikuwaje?" Nilimweleza kwamba alikuwa mpishi wa vitumbua, mwenye sauti ya chini, asiyependa deni wala kelele. Maneno hayo yalitosha kueleza tabia. Hayakutosha kueleza sura. Mtoto aliirudisha picha mezani, na mimi nikatambua kwamba siku dada yangu na mimi tutakapoondoka, uso ule utabaki chini ya muhuri, wala hatakuwapo mtu wa kusema ulikuwaje.

Gamba nililolitumia lilikuwa kwa shangazi yangu, Tanga, likizuia mlango wa ua tangu utoto wetu. Sikumtoa mnyama baharini kwa ajili ya kazi hii, na baadaye nitakueleza kwa nini jambo hilo lina uzito.

Kabla ya kulikata gamba, sharti mchongaji awe na mchoro. Kameo aghalabu huonyesha uso kwa upande, na sababu yake ni ya kifundi. Tabaka jeupe lina unene wa milimita chache tu, na pua ya uso uliotazama mbele hudai unene ambao gamba halina. Uso wa upande hulala vizuri katika unene mdogo, kama ulalavyo uso juu ya sarafu. Lakini nani kati yetu amewahi kumpiga mama yake picha ya upande? Picha yangu moja ilitazama mbele, nayo haikuweza kuniambia paji la uso lilivyoshuka, wala pua ilivyoinuka.

Basi nilimketisha binti yangu kando ya ukuta, kwa kuwa jamaa wote husema amemfuata bibi yake. Niliwasha taa upande wa pili, nikabandika karatasi ukutani, nikakifuata kivuli chake kwa kalamu ya risasi. Kisha nikamngoja dada yangu mkubwa, ambaye alikuja kututembelea mwisho wa mwezi, nikamwonyesha. Alivaa miwani yake, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Hapo kwenye paji umempata," alisema. "Lakini pua hii ni ya mkeo. Pua ya Mama ilikuwa fupi, na mdomo wa juu ulitangulia kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akalizuia."

"Na kidevu, Dada?"

"Kidevu ni chako wewe. Jitazame kwenye kioo, mdogo wangu, uache kuniuliza mimi."

Tulikesha usiku ule, dada akisema na mimi nikifuta na kuchora, hadi akaweka kidole juu ya karatasi na kusema, "Hapo. Usiguse tena."

Sasa nikueleze kazi yenyewe ilivyo, huenda nawe ukataka kuijaribu. Sehemu ifaayo ni mgongo wa gamba, penye upana na unene. Ukiingiza taa ndogo ndani ya gamba, utaona mwanga ukipenya na kukuonyesha palipo panene na palipo pembamba, na wapi pana dosari. Kwa msumeno wa kukatia chuma hukatwa kipande chenye umbo la yai. Changu kilikuwa na urefu wa sentimita 5 na upana wa 4. Ukate polepole, huku ukidondosha maji juu ya msumeno. Maji hayo si ya kuupoza msumeno tu. Vumbi la gamba ni laini mno na lina madhara makubwa kwa mapafu, hivyo usikate wala kupiga tupa pakavu, vaa barakoa, na usifanyie kazi hiyo chumbani walalamo watoto.

Kipande kikishapatikana, ngozi ya nje huondolewa kwa tupa hadi weupe utokeze wote, na upande wa ndani husawazishwa kidogo. Kisha hugandishwa kwa lakiri iliyoyeyushwa juu ya kijiti kinene kama mpini wa ufagio, chenye urefu wa kiganja. Asiyejua hukidharau kijiti hiki, kumbe ndicho kinachoiwezesha kazi. Mkono wa kushoto hukishika na kukizungusha, mkono wa kulia husukuma chuma, na kidole gumba kimoja hukizuia chuma kisiteleze. Vyombo vyangu vya kuchongea nilivitengeneza mwenyewe: kimoja kutokana na tupa kuukuu ya pembe tatu, na viwili kutokana na shazia za kushonea magunia, nikavitia mipini ya mti na kuvinoa, kimoja ncha bapa, kimoja ncha kali, na kimoja ncha ya mviringo. Ongeza kioo cha kukuzia na taa nzuri, nawe umekamilisha karakana.

Mchoro ukishanakiliwa juu ya weupe kwa kalamu ya risasi, kazi huanza nje ya uso. Weupe wote unaouzunguka huondolewa, uzi kwa uzi, hadi kahawia itokee. Gamba halikatiki kwa makonzi. Ukilisukuma kwa nguvu, huruka kipande usichokitaka. Ukilikwaruza kwa uvumilivu, hutoa unga mweupe na kukutii. Nilifanya kazi hii kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, baada ya chakula, na saa nyingine chache siku za Jumamosi. Siku nyingine kazi ya saa nzima haikuonekana ila kwa kioo cha kukuzia. Hata hivyo, mtu aliyeshinda kutwa katikati ya ngurumo za mashine hupata pumziko la ajabu katika kazi isiyo na sauti ila ile ya chuma juu ya gamba.

Baada ya wiki sita uwanja wa kahawia ulikuwa tayari, na katikati yake ulisimama uso mweupe, wenye paji, pua, mdomo na ushungi wa kanga uliofunika kichwa hadi begani. Binti yangu aliinama akautazama, akasema, "Baba, mbona bibi amekuwa Mzungu?"

Tulicheka wote, lakini usiku ule niliviweka vyombo chini. Mtoto alikuwa amesema kweli. Umbo lilikuwa la mama yangu, lakini rangi ilikuwa ya sanamu za Ulaya. Kameo zile za Italia zilizotapakaa duniani ni nyuso nyeupe juu ya uwanja wa rangi, na huenda wachongaji wao hawakulazimika kujiuliza swali hili. Gamba lenyewe limezaliwa katika bahari yetu, likiwa na rangi ya ngozi ya mama yangu ndani yake, lakini rangi hiyo iko chini, na picha huchongwa juu. Kwa majuma mawili sikuligusa.

Jibu nililipata katika vipande vya majaribio. Gamba moja hutoa vipande vingi vidogo vya pembeni, na mimi nilivitumia kuufundisha mkono kabla ya kuugusa uso. Katika kimoja nilikuwa nikilipunguza tabaka jeupe ili kuona mwisho wake, nikaona kwamba weupe hauishi ghafla. Kadiri unavyozidi kuwa mwembamba, ndivyo kahawia ya chini inavyopenya ndani yake, kwanza kama chai yenye maziwa mengi, kisha kama chai yenye maziwa machache, kisha kahawia yenyewe. Maana yake ni kwamba mchongaji wa gamba ana rangi zote za katikati, mradi ajue kuupima unene. Wachongaji wa mpingo wanalijua jambo la jamii hii, kwa kuwa mpingo nao una moyo mweusi uliozungukwa na tabaka jembamba la mti wa rangi hafifu, na fundi hodari hulitumia tabaka hilo badala ya kulitupa.

Nikaamua kwamba ushungi ubaki mnene na mweupe, na uso upunguzwe hadi rangi ya chini iupande.

Hapa ndipo penye hatari yote ya kazi hii, msomaji. Mtambo ukikatika tunauchomelea. Ubao ukipunguka tunauongeza kiraka. Gamba halina kiraka. Kilichoondolewa kimeondoka, na kati ya shavu lenye rangi ya chai na shavu lisilokuwapo kabisa hapana hata unene wa ukucha. Nilipunguza paji kwanza, kwa kuwa ni pana na lina nafasi. Kila baada ya mikwaruzo michache nilikiinua kijiti mbele ya taa, nikalitazama gamba kwa nuru ipitayo nyuma yake, kisha nikalitazama tena kwa nuru ya mbele. Shavu lilichukua siku tisa. Mdomo wa juu, ule uliotangulia kama wa mtu azuiaye neno, niliuachia unene kidogo zaidi ili upokee mwanga. Jicho sikulichonga kwa kina, nililiweka kwa mistari mitatu tu. Usiku mmoja binti yangu, aliyekuwa akifanya mazoezi ya shule kwenye meza hiyo hiyo, aliinua macho akasema, "Sasa ni mtu wa kwetu." Nikaviweka vyombo chini, na uso ule sikuuongeza mkwaruzo mwingine.

Kumalizia ni kazi ya upole. Husuguliwa kwa msasa mwembamba kabisa ndani ya maji, kisha kwa unga laini wa lile jiwe jepesi la volkeno lenye matundu, ukipakwa kwenye kijiti cha mti laini. Huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na mwisho hupakwa tone la mafuta ya zeituni, ambayo hurudisha uhai wa rangi. Siki na ndimu zisikaribie kamwe, kwa maana gamba limejengwa kwa madini ya jamii ya chokaa, na ukali wa vitu hivyo huyala.

Dada yangu alipokuja tena nilimpa mkononi bila kusema neno. Alikipokea, akachukua pindo la kanga yake akakipangusa, ingawa hakikuwa na vumbi. Baadaye akasema, "Ushungi huu ndio aliokuwa akiufunga siku za kwenda msibani." Kisha akamwita binti yangu, akamwonyesha. Mtoto akaomba vioo viwili. Mtu hawezi kuuona uso wake mwenyewe kwa upande katika kioo kimoja. Akashika kimoja mbele na kimoja kando, kameo ikiwa juu ya meza, akawa anageuza kichwa polepole hadi akauona.

Huenda utaniuliza kama ule ni uso wa mama yangu kweli, au ni wa binti yangu aliyevikwa ushungi wa bibi yake, maana mchoro ulianzia kwenye kivuli chake. Swali ni la haki, nami nimejiuliza mara nyingi. Paji ni la mtoto, kidevu ni changu, mdomo umetoka katika kumbukumbu ya dada yangu, na macho yametoka chini ya muhuri wa zambarau. Lakini sura za wazee wetu hutufikia kwa njia hiyo hiyo, zikiwa zimegawanywa vipande kwa watu walio hai. Kazi yangu ilikuwa kuvikusanya mahali pamoja. Hakimu alikuwa dada yangu, naye alikubali.

Nilikuahidi neno kuhusu bahari. Konokono mwenye gamba hili hula wale viumbe wenye miiba mirefu wanaowachoma wavuvi miguuni. Viumbe hao wakizidi kupita kiasi huikwangua miamba ya matumbawe hata ikachakaa, na samaki wakakosa makao. Hivyo kila konokono anayetolewa akiwa hai kwa ajili ya pambo ni mlinzi mmoja aliyeondolewa zamuni. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, mbele ya Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, na mwaka 1994 ikatungwa sheria ya hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Ndani ya hifadhi hizo usiokote kitu. Kwingineko usimnunue aliyetolewa akiwa hai. Magamba makuukuu yamejaa majumbani mwetu, na moja latosha kazi ya mwaka mzima.

Ukitaka kuanza, usianze na uso. Chukua kipande kilichovunjika, uchonge jani la mwembe, lenye mshipa mmoja katikati, ujifunze chuma kinavyokwenda na mahali weupe unapoanza kugeuka. Jani likikubali, chonga jingine. Wala usiwe na haraka ya kununua vyombo, vingi vimo katika sanduku lako la spana na kikapu cha mkeo cha ushonaji.

Lakini lipo jambo moja usilolingojee hata ujue kuchonga. Ikiwa mama yako, au baba yako, yungali hai, mketishe kando ya ukuta jioni ya leo, uwashe taa, ukifuate kivuli chake kwa kalamu ya risasi, kisha uandike jina na tarehe chini ya karatasi. Gamba laweza kungoja miaka mingi nyuma ya mlango.